Wasomaji wa Buganda: Jinsi Imani Ilivyopita kwa Mazungumzo ya Marafiki

Mtu akituuliza jinsi dini ya Kikristo ilivyoingia katika nchi za bara, mara nyingi twajibu kwa kutaja majina ya wageni: fulani alifika mwaka fulani, akajenga skuli na kanisa, akabatiza watu. Majibu hayo si ya uongo, na wale waliotoka mbali wakafa kwa homa katika nchi zetu wastahili heshima yao. Lakini historia iliyo nusu ni kama mtungi wenye ufa, hauteki maji ya kutosha nyumba. Maana mgeni, hata akiwa hodari namna gani, hawezi kuingia katika kila nyumba, wala kukaa katika kila kikao cha jioni, wala kufuatana na kila mtu njiani. Basi ni nani aliyesema na mpiga ngoma, na mfinyanzi, na kijana mlinda mlango?

Katika habari hii twataka kuonyesha ya kuwa watu hao waliambiwa na rafiki zao. Tumeichagua nchi ya Buganda, iliyo kaskazini ya ziwa Nyanza, kwa sababu mambo yake yaliandikwa sana na watu walioyaona kwa macho, na tena kwa sababu lugha yetu ya Kiswahili ilifanya kazi kubwa katika mambo hayo. Kiswahili kilifika huko kwa njia ya misafara iliyotoka pwani na kupita Unyanyembe, kikawa lugha ya wafanya biashara katika ua wa Kabaka.

MANENO YA KWANZA

Yatupasa kuanza kwa haki. Waliotangulia kutangaza habari za Mungu wa Kitabu mbele ya Kabaka hawakuwa Wakristo, bali Waislamu. Husimuliwa ya kuwa mmoja wao, Ahmed bin Ibrahim, aliyefika kwa Kabaka Suna mwaka 1844, aliona watu wengi wakiuawa kwa amri ya mfalme, akathubutu kumwambia kwamba watu wale ni viumbe vya Mungu, wala si haki kuwaangamiza. Neno lile moja, lililosemwa kwa huruma mbele ya mambo yaliyokuwa yakitendeka, lilizaa maswali, na maswali yakazaa mafundisho. Mutesa mwana wa Suna alizidi kuyasikiliza, na tangu mwaka 1867 akashika mfungo wa Ramadhani kwa miaka kama kumi. Vijana wa ikulu nao wakajifunza, wengine wakaamini kuliko bwana wao, na mwaka 1876 wapata 70 wakauawa kwa kukataa nyama iliyochinjwa katika nyumba yake. Kwa hiyo watu wa kwanza waliokufa kwa ajili ya dini ya Kitabu katika nchi ile walikuwa Waislamu, na Mkristo asemaye habari za Buganda bila kuwataja hao amewanyima haki yao.

Mwaka 1875 Stanley alifika kwa Mutesa. Watu wengi wajua habari hiyo, na barua aliyoipeleka Uingereza kuomba walimu. Wachache wajua ya kuwa alipoondoka, alimwacha nyuma mtu mmoja. Huyo ni Dallington Maftaa, kijana aliyeokolewa katika utumwa na kulelewa katika skuli ya misioni Unguja. Alijua kusoma na kuandika, alijua Kiingereza na Kiswahili. Alikaa kwa Mutesa kama mwandishi wake, akimsomea habari za Maandiko Matakatifu kwa Kiswahili, mpaka walimu wa kwanza kutoka Uingereza walipowasili tarehe 30 Juni 1877. Basi, wasomaji, fikirini. Kwa muda upatao miaka miwili, mwalimu wa Kikristo pekee katika ufalme ule alikuwa kijana mweusi, asiye na daraja ya upadre, asiye na kanisa wala kengele, wala silaha ya kuogopwa. Alikuwa na kitabu, na lugha ambayo wenyeji wake waliielewa, na kukaa kwake pamoja nao.

MABISHANO YA BARAZANI

Mackay, fundi wa mitambo kutoka Scotland, alifika mwaka 1878. Mwaka 1879 walifika Mapadre Weupe kutoka Ufaransa, na mkubwa wa masemo yao barazani alikuwa Padre Lourdel. Sasa Mutesa alikuwa na Waislamu, na Waprotestanti, na Wakatoliki mbele yake, na wote wakitaka masikio yake. Naye alipenda sana mabishano. Aliwaketisha wakuu wake, akawaita walimu, akauliza huyu, akauliza yule, akawaacha washindane.

Katika mwezi wa Juni 1879, Jumapili moja, Mackay na Lourdel walibishana mbele ya baraza zima, kila mmoja akisema ya kwamba mwenzake hafundishi kweli. Mutesa na wakuu wake walitazamana kwa mshangao. Walikuwa wamesikia ya kuwa wazungu wana Mungu mmoja na kitabu kimoja. Kumbe kila taifa lina dini yake! Angejuaje iliyo ya haki?

Tusimlaumu sana Mutesa, wala tusiwacheke wale waalimu, maana kila mmoja alisema lililo moyoni mwake. Lakini tutazame matunda. Miaka mingi ya mabishano barazani haikumtia Mutesa katika dini yo yote kwa moyo wote. Alikufa mwezi wa Oktoba 1884, hakubatizwa. Alikuwa amesikia hoja nyingi kuliko mtu ye yote katika ufalme wake. Barazani mtu husema ili ashinde, na anayesikiliza hutafuta mshindi. Akishaondoka hukumbuka nani alishindwa, asikumbuke lililosemwa.

MAZUNGUMZO YA MLANGONI

Na huku mazungumzo ya namna nyingine yalikuwa yakiendelea. Mackay alikuwa na kiwanda, chenye tanuru na vyombo vya chuma, na mashine ndogo ya kupiga chapa. Watu walikuja kutazama. Walitaka kuona jiwe la kunolea likizunguka, wakauliza linazungukaje. Wakaona karatasi zenye herufi, wakauliza zasema nini. Alikuwa na vitabu vya Injili alivyovifasiri Askofu Steere kwa Kiswahili, akawafundisha kusoma humo, mkono mmoja ukishika nyundo. Kadhalika kwa Mapadre walikuja watu, wengine usiku, wakiogopa kuonekana.

Watu hao walipewa jina ambalo sisi waalimu twapaswa kulipenda. Waliitwa “wasomaji.” Neno lenyewe, kusoma, Waganda walilipokea kutoka Kiswahili, likawa na maana mbili pamoja: kusoma kitabu na kumwabudu Mungu. Na desturi yao ilikuwa hivi: aliyejua ukurasa jana alimfundisha leo asiyeujua. Hakungoja mpaka amalize kitabu. Vijana wa ikulu walilala pamoja, wakala pamoja, wakalinda milango pamoja zamu kwa zamu. Mmoja akionekana na karatasi, mwenzake humwuliza ni nini hiyo. Swali hilo lilikuwa mwanzo wa mafundisho, na hakuna aliyelipanga.

Tutoe mifano miwili. Mwezi wa Oktoba 1881 kijana aitwaye Sembera alimletea Mackay kipande cha karatasi. Alikuwa ameandika mwenyewe, kwa Kiswahili, akitumia ncha ya jani la nyasi badala ya kalamu, na wino uliotengenezwa kienyeji. Alitaka kubatizwa, kwa kuwa ameyaamini maneno ya Yesu Kristo. Alibatizwa pamoja na wenzake wanne tarehe 18 Machi 1882, nao ndio watu watano wa kwanza wa Kanisa la Kiingereza kubatizwa katika Buganda.

Mfano wa pili ni wa kijana mgonjwa, aliyekufa katika siku zile kabla hajabatizwa na mwalimu. Alipojiona karibu na mauti, alimwomba rafiki yake aliyekuwapo, ambaye bado hakuwa Mkristo, alete maji na kumnyunyizia, na kutamka juu yake jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Rafiki akafanya. Wataalamu wa sheria za Kanisa waweza kulipima jambo hilo kwa mizani yao. Sisi twaona humo jinsi urafiki ulivyobeba imani kabla ya mambo mengine yote. Yule aliyetamka maneno hakuyaamini bado. Aliyatamka kwa kuwa alimpenda mwenzake.

MIAKA YA KUKOSA WAALIMU

Mwezi wa Novemba 1882 Mapadre Weupe waliondoka Buganda kwa sababu ya hatari, wakavuka ziwa kwenda kusini. Hawakurudi mpaka mwaka 1885. Amri yao ilikuwa mtu afundishwe miaka minne kabla ya ubatizo, kwa hiyo walioachwa wamebatizwa walikuwa wachache sana. Mtu mwenye busara angesema, Kazi hii imekufa.

Haikufa. Katika ikulu, Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkubwa wa vijana wa nyumba ya ndani ya Kabaka, aliwakusanya wenzake na kuwafundisha. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma, aliifanya nyumba yake kuwa mahali pa kuulizia maswali. Katika Mityana, mwendo wa maili 40 hivi kutoka mji mkuu, alikuwapo Mathiya Mulumba, aliyekuwa kwanza amejifunza dini ya Kiislamu, kisha kwa Waprotestanti, kisha kwa Mapadre, akitafuta kweli kama mtu atafutaye maji wakati wa kiangazi. Pamoja naye alikuwa Luka Banabakintu, na Noe Mawaggali, mfinyanzi wa mkuu wa jimbo. Walisafiri kwa miguu mpaka mji mkuu kwenda kusali na kusikia mafundisho, kisha wakarudi na kuwasimulia majirani waliyoyapata. Noe alimfundisha dada yake, Munaku. Mapadre waliporudi walikuta wanafunzi kwa mamia. Hawakuwapanda wao, mbegu ilipita mkono kwa mkono walipokuwa mbali.

Upande wa Waprotestanti mambo yalikuwa vivyo hivyo. Mwaka 1885, hatari ilipozidi, waliweka baraza la wazee wa Kanisa, Waganda watupu, ili waalimu wageni wakifukuzwa au wakiuawa, Kanisa lisikose watunzaji. Mmoja wao, Nikodemo Sebwato, alikuwa mtu mwenye cheo na nyumba kubwa. Walijua wapi palipo nguvu yao.

GHARAMA YAKE

Kabaka Mwanga aliyemfuata Mutesa aliliona jambo hili kuliko watu wengi wa nyakati zetu. Alielewa ya kuwa maneno yasemwayo kwa sauti ndogo mlangoni yana nguvu kuliko hotuba za barazani. Tarehe 31 Januari 1885 waliuawa vijana watatu wasomaji, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama. Tarehe 15 Novemba mwaka ule aliuawa Yosefu Mukasa, baada ya kumkemea Kabaka kwa sababu ya mauaji ya Askofu Hannington.

Kisha ikawa mwezi wa Mei 1886, Kabaka alikuwa Munyonyo, kando ya ziwa. Alirudi kutoka kuwinda viboko, asiwaone vijana wake. Baadaye akaja Mwafu, mwana wa Katikiro, pamoja na kijana Denis Ssebuggwawo, mwenye miaka kama 16. Mwanga akauliza walikuwa wapi. Ikajulikana ya kuwa Ssebuggwawo alikuwa akimfundisha Mwafu dini. Mwanga akakasirika, akamchoma Ssebuggwawo kwa mkuki. Akauawa siku iliyofuata. Kosa lake lilikuwa nini? Hakuwa ameasi, wala hakuhubiri sokoni. Alikuwa amezungumza na rafiki.

Tangu hapo mateso hayakuzuiliwa tena. Tarehe 26 Mei Andrea Kaggwa aliuawa kwa amri ya Katikiro, aliyechukizwa kwa kuwa watoto wake mwenyewe walifundishwa na mpiga ngoma yule. Katikiro alisema hatakula mpaka aletewe mkono wake. Karoli Lwanga, aliyeshika kazi ya Yosefu Mukasa ya kuwaangalia vijana, aliwabatiza kwa mkono wake wale waliokuwa hawajabatizwa, kwa kuwa padre hakuwapo. Tarehe 3 Juni 1886 huko Namugongo, vijana Wakatoliki na Waprotestanti walichomwa moto pamoja. Wote waliouawa katika miaka ile na kukumbukwa kama mashahidi ni Wakatoliki 22 na Waprotestanti 23.

Na Munaku, dada yake Noe? Kaka yake alipouawa Mityana, alitoka mafichoni mwenyewe, akawafuata askari na kuwaambia kwamba dini ya kaka yake ndiyo yake, nao wamwue. Hawakumwua, walimteka. Alikataa kuolewa kwa nguvu, mpaka Padre Lourdel akamkomboa. Alijifunza imani nyumbani kwa kaka yake, si katika darasa, wala haikuwa nyepesi kwa sababu hiyo.

ONYO

Tungependa kumaliza hapa, lakini historia isiyotuonya haitufundishi. Miaka sita haijapita tangu Namugongo, wale waliosoma karatasi zile zile walipigana kwa bunduki. Wasomaji walikuwa wamegeuka kuwa vyama: chama cha “Wafaransa” na chama cha “Waingereza,” kila kimoja na machifu wake na ardhi yake. Tarehe 24 Januari 1892 walipigana Mengo, na bunduki za Maksimu za Kapteni Lugard zikawapa Waprotestanti ushindi. Miongoni mwa waliouawa siku ile alikuwa Sembera, yule aliyeandika kwa jani la nyasi. Mwaka uliotangulia Askofu Tucker alikuwa amemweka awe mmoja wa waalimu wa Injili. Alipona katika mateso ya mfalme, akafa katika vita vya wasomaji.

Hapo twajifunza ya kuwa imani ikihamishwa kutoka katika urafiki na kupelekwa katika ushindani, hubakiza jina lake tu. Barazani pa mwaka 1879 na uwanja wa Mengo mwaka 1892 ni njia moja. Ni mwendo mrefu kidogo tu kutoka neno lisemwalo ili kushinda mpaka risasi.

MAFUNZO KWETU

Wenzetu wengi husema, “Tungependa kuzungumza na rafiki zetu habari za imani, lakini hatujui pa kuanzia.” Wasomaji wa Buganda watujibu nini?

Kwanza, walikaa na watu. Mpiga ngoma alisema na wapiga ngoma, mfinyanzi na wanunuzi wa vyungu, kaka na dada. Hawakutafuta watu wa kuwahubiri. Waliwapenda watu waliokwisha kuwa nao. Mtu asiye na nafasi ya kumsikiliza jirani shida za shamba lake, asijisumbue kumweleza habari za mbinguni.

Pili, walingoja swali. Na swali lilikuja kwa kuwa kulikuwa na kitu cha kuulizwa: karatasi mkononi, sala kabla ya kulala, kukataa kusema uongo. Ikiwa rafiki zetu hawatuulizi neno, yafaa tujichungue kama mwenendo wetu una lo lote la kuulizwa.

Tatu, walisema walichokijua, hata kikiwa kidogo. Sisi waalimu twapenda kungoja mpaka tuwe na majibu yote. Yule aliyejua ukurasa mmoja hakuona haya kuufundisha, wala kusema ukurasa wa pili haujui.

Nne, na hili ndilo kubwa, hawakumfanya rafiki kuwa chambo. Mvuvi hampendi samaki. Ampenda kwa chungu. Tukimfuata mtu ili tuhesabu jina lake katika daftari, naye akikataa tukamwacha, basi hatukuwa rafiki zake tangu mwanzo. Wengi katika pwani yetu tuna rafiki Waislamu, twaalikana harusini na kuzikana. Wakituuliza, tujibu kwa unyofu. Nasi tuwaulize, tusikilize majibu yao kwa heshima ile ile tunayotaka wao watupe. Asiyekubali leo na abaki ndugu yetu kesho. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, wazee walisema. Lakini mwenye kuita kwa maneno mazuri na fimbo nyuma ya mgongo, hujulikana upesi.

Kila tarehe 3 Juni watu wengi mno hukusanyika Namugongo, wengine wakitembea siku nyingi kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu, aliwakumbuka pia wenzao Waprotestanti waliokufa kwa ajili ya Kristo. Ni vema watu kwenda. Lakini mahujaji hao hawakupokea imani yao katika moto wa Namugongo. Waliipokea kwa mama, kwa jirani, kwa mwenzi wa skuli, kama Mwafu alivyokuwa akiipokea kwa Ssebuggwawo jioni ile kando ya ziwa. Mazungumzo yale yalikatizwa kwa mkuki. Yetu sisi hayana wa kuyakatiza, isipokuwa uvivu wetu na haya zetu.